Masurufu, Posho na Zawadi: Historia Fupi ya Chakula Katika Mzigo wa Msafiri

Utangulizi

Makala haya yalianzia kwenye mizani ya muuza nyama. Ilikuwa jioni ya Agosti 2022, nyumbani kwa mjomba wa mwanafunzi wetu mmoja hapa Kampala. Binti huyo alikuwa amehitimu shahada ya kwanza ya Kiswahili na alikuwa akijiandaa kwenda Marekani kufundisha lugha hii kwa mwaka mmoja. Sanduku lake halikutakiwa kuzidi kilo 23, na kwa kuwa hatukuwa na mizani, mjomba alikwenda kuazima ile ya kuning'iniza kwa jirani mwenye bucha.

Mzigo ukazidi kwa kilo nne. Sanduku likafunguliwa katikati ya sebule, watu wote tukiangalia. Mlikuwamo nguo, viatu, koti la baridi, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu niliyompa wiki moja kabla. Mlikuwamo pia mfuko wa unga wa mtama, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, na makopo mawili ya odii, yaani karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa pamoja hadi vikalainika, kama wanavyofanya Waacholi. Akatoa viatu. Mzigo ukawa bado mzito. Akatoa koti. Bado. Kisha akaishika kamusi, akanitazama kwa haya.

Kabla sijasema neno, mama yake mzazi alinisemea kwa Kiswahili cha kambini alichojifunza kwa marehemu mumewe aliyekuwa askari: "Mwalimu, hiyo kitabu atapata huko. Odii hapana patikana."

Sitaficha kwamba jambo hilo liliniuma. Nilirudi nyumbani na kamusi kwapani nikijiuliza tumemfundisha nini binti huyu kwa miaka mitatu. Lakini usiku ule, kwa kuwa kamusi ilikuwa mkononi, niliifungua na kutafuta neno masurufu. Kutoka hapo nilikwenda kwenye posho, na kutoka posho nikaenda kwenye zawadi. Kulipokucha nilikuwa nimeanza kuamini kwamba yule mama alikuwa na haki.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba chakula ambacho msafiri wa Afrika Mashariki hubeba kutoka kwao kimekuwa na kazi mbili tangu zamani. Kazi ya kwanza ni kumfikisha aendako akiwa hai. Kazi ya pili ni kumpa kitu cha kuweka mbele ya watu atakaowakuta. Vyombo vya usafiri vya leo vimeiondoa ile kazi ya kwanza. Ya pili imebaki, na tutajaribu kuifuatilia kwa kutumia maneno yenyewe, kwa sababu sisi ni watu wa lugha.

Maneno ya chakula cha njiani

Karibu kila lugha ya ukanda huu ina neno maalumu la chakula cha safari. Waganda na Wanyankole husema entanda. Wanyarwanda na Warundi husema impamba. Haya si majina ya aina fulani ya chakula. Ndizi ikiliwa nyumbani ni ndizi tu. Ikifungwa kwenye jani na kupewa mtu anayetoka alfajiri, inakuwa entanda.

Kiswahili kina masurufu. Neno hili limetokana na Kiarabu, ambako masruf ni matumizi au gharama. Waswahili walilitumia kwa maana ya mahitaji yote ya safari, na hasa chakula. Katika ofisi za serikali nchini Tanzania limerudi tena kwenye fedha: leo mtumishi wa umma anayekwenda kikazi mkoani huomba masurufu, naye hupewa pesa anazotakiwa kuzitolea hesabu akirudi.

Neno posho limepita njia kama hiyo, lakini limegawanyika mpakani. Wakati wa misafara lilikuwa fungu la chakula alilopewa mpagazi. Nchini Tanzania limekuwa fedha, na kila mara magazeti huandika kuhusu posho za wabunge. Hapa Uganda limekuwa chakula chenyewe: posho ni ule ugali wa mahindi wa shuleni, jeshini na magerezani. Mtanzania akisikia mwanafunzi wa Kampala akilalamika kwamba amechoka kula posho kila siku, anaweza kudhani anazungumza na tajiri.

Lingine ni zawadi. Neno hili nalo lina asili ya Kiarabu, na linahusishwa na mzizi wa zad, ambalo maana yake ni chakula cha msafiri. Katika Kiswahili likaja kuwa kitu anachopewa mtu kwa upendo, na kwa namna ya pekee kile anachokuja nacho mtu aliyetoka safari. Tukiliangalia hivyo, neno moja limebeba safari nzima: kilichotiwa mkobani ili kiliwe njiani kimefika kwa mwenyeji na kuwekwa mikononi mwake. Watoto wanaomkimbilia mgeni mlangoni wakimuuliza, "Umetuletea nini?" wanaijua historia hiyo bila kufundishwa.

Jahazini: tende, papa na mchele

Safari za kale tunazozifahamu vizuri zaidi ni za baharini. Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, uliwaleta wafanyabiashara wa Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kwenye pwani yetu. Upepo wa kusi uliwarudisha. Kwa kuwa pepo hizi hazina haraka, mtu aliyekuja na kaskazi alilazimika kukaa miezi kadhaa akisubiri kusi. Kwa hiyo alihitaji chakula cha njiani, na pia kitu cha kumwezesha kukaa na watu vizuri afikapo.

Tende ilifaa kwa yote mawili. Haiozi upesi, haihitaji kupikwa, na mtu anaweza kuishi nayo kwa siku nyingi akiwa na maji. Baharia aliila njiani, na iliyobaki akaiuza au kuitoa zawadi. Hata papa mkavu wa kutoka pwani za Arabuni na Somalia alikuja kwa njia hiyo. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, alieleza jinsi mabaharia walivyokuwa na masanduku yao wenyewe yenye bidhaa ndogondogo za kuuza bandarini. Sanduku la baharia lilikuwa duka na stoo yake kwa pamoja.

Upande wa mwenyeji tunao ushahidi wa zamani zaidi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alikirimiwa wali wenye samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa aliandika kwamba watu wa kisiwa hicho hawakuwa wakilima nafaka. Waliletewa kutoka nchi ya Sawahil. Tunajifunza kwamba hata sahani ya mwenyeji ilikuwa imejaa vitu vilivyosafiri. Mchele, embe na ndizi asili yao ni Asia. Vilikuja mara ya kwanza katika mzigo wa mtu fulani ambaye jina lake halikuandikwa.

Msafarani: kibaba na mfinyango

Tuondoke pwani twende bara. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ilipita Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora mingine ikaelekea Ujiji na mingine ikapanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suna mwaka 1844. Pamoja na nguo na shanga, njia hiyo ilileta Kiswahili katika nchi hii.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito wa takriban kilo 30. Huo ulikuwa mzigo wa tajiri. Juu yake mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, sufuria au chungu, na chakula. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo yaliyochangia chungu kimoja. Wanyamwezi, ambao walikuwa wengi na wenye ujuzi mkubwa wa kazi hiyo, walipanga safari zao wakiangalia msimu wa kilimo, kwa sababu aliyeondoka nyumbani kabla ya kulima hakuwa na chakula cha kurudia.

Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku kwa kila mtu. Kibaba ni kipimo cha ujazo, robo ya pishi. Wanafunzi wetu hukariri methali ya haba na haba hujaza kibaba bila kujua kwamba kibaba kilikuwa ndio mpaka kati ya shibe na njaa kwa maelfu ya watu. Pale ambapo vijiji vilikuwa karibu, posho haikutolewa kwa nafaka bali kwa vipande vya nguo au shanga, na mpagazi akajinunulia mwenyewe. Huenda hapo ndipo tunapoona mwanzo wa posho kuwa fedha.

Lakini zipo sehemu ambazo nguo haikununua kitu. Kabla ya kuingia Ugogo palikuwa na nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali. Hapo msafara ulitembea kwa nguvu, usiku na mchana, ukitegemea kilichomo mkobani tu. Aliyeanguka kwa njaa au kiu aliachwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya chakula cha safari, katika ukali wake wote.

Kazi ya pili nayo iliendelea. Wafanyabiashara walikuja na mchele, na Waganda wakauita omuceere, neno ambalo kila mwanafunzi wetu anatambua ni mchele. Chakula kilifika na jina lake, na jina likabaki hata baada ya misafara kwisha.

Reli, vita na sahani ya bati

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Kwa kuwa kulikuwa hakuna chakula cha kutosha njiani, mchele, unga wa ngano, dengu na samli viliagizwa kutoka kwao. Wengi walirudi, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wengine wakaja kufungua maduka. Chapati waliyokuja nayo haikurudi. Leo kijana wa Kampala anayekunja chapati na mayai kando ya barabara na kuiita rolex hafikirii kabisa kwamba anauza chakula cha kigeni, na hakosei.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta fundisho chungu zaidi. Waingereza walikusanya wapagazi kwa maelfu mengi kutoka Kenya, Uganda na maeneo mengine ili kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Tanganyika. Majina ya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi ni ukumbusho wa kikosi chao. Posho yao kubwa ilikuwa unga wa mahindi. Watu waliokua kwa ndizi, viazi au wimbi walipewa unga huo, mara nyingi ukiwa umesagwa vibaya na kupikwa haraka bila kuiva. Kuhara na magonjwa mengine yaliua wapagazi wengi kuliko risasi. Ninapowasikia watu wakisema kwamba kubeba chakula cha nyumbani ni ushamba, huwa nawakumbuka wanaume hawa. Hawakuruhusiwa kubeba entanda yao. Walilishwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na miili yao ikakataa.

Kwa njia ya jeshi, polisi, magereza na shule za bweni, unga huo wa mahindi ulienea Uganda na kuitwa posho. Jambo hili linatuhusu sana sisi walimu wa Kiswahili. Tunalalamika mara nyingi kwamba Waganda wengi walikichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia kwa askari. Chakula nacho kilipata sifa ileile: matooke ni ya mama, posho ni ya serikali. Neno la Kiswahili likawa jina la chakula cha kupimiwa, na neno la Kiganda likabaki kuwa jina la chakula cha kufungiwa na anayekupenda. Mwanafunzi wa bweni anayekwenda shule na sanduku la bati lenye sukari, karanga na kabalagala ameshaingia katika historia hiyo. Posho ataikuta kule. Sanduku ni la kumkumbusha kwamba ana kwao.

Waliofukuzwa na mzigo wao

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wasiokuwa raia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka, wakiwamo waliokuwa raia. Waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo sana, na njia ya kwenda Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari waliopekua mizigo kutafuta dhahabu na pesa.

Kitu ambacho hakikuonekana katika upekuzi ule ni upishi wao. Nenda leo Leicester au sehemu za kaskazini-magharibi mwa London, ambako wengi wao walihamia, utakuta wenye asili ya Gujarati waliotoka Afrika Mashariki wakiuza mogo ya kukaanga. Neno hilo ni muhogo. Utakuta kuku paka, yaani kuku wa kupaka kwa nazi, na mishikaki, na matoke. Watoto wao waliozaliwa Uingereza wanayatamka maneno hayo kama ya kwao, na wengine hawajui kwamba ni Kiswahili. Hali kama hiyo iko Muscat, ambako Waomani wenye asili ya Zanzibar, wengi wao wakiwa wamehamia huko baada ya mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya 1970, wamelifanya mandazi kuwa chakula cha kawaida cha asubuhi.

Kwa wataalamu wa lugha, hiki ni kipimo kizuri. Lugha ya watu waliohama hupoteza kwanza maneno ya kazi na ya sheria. Maneno ya jikoni hufa mwisho.

Mpakani na kwenye ndege

Zamani mwenye msafara alilipa hongo kwa mtemi ili apite. Leo msafiri hukutana na afisa wa forodha, na mara nyingi hatakiwi kulipa bali kuacha kitu. Wengi wetu hukasirika. Haki inatutaka tueleze pia sababu ya sheria hizo, na sababu moja inatoka kwetu.

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Mwaka 1957 ugonjwa huo ulilipuka karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon nchini Ureno, baada ya nguruwe kulishwa mabaki ya chakula cha ndege. Hauna madhara kwa binadamu, lakini huua nguruwe karibu wote unaowapata. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulisababisha mamilioni ya mifugo kuchinjwa na kuteketezwa nchini Uingereza. Baada ya hapo, tangu mwaka 2003, nchi za Umoja wa Ulaya ziliwakataza abiria wa kutoka mataifa mengi ya nje, yakiwamo ya kwetu, kuingia na nyama na maziwa ya matumizi yao wenyewe. Kwa hiyo kipande cha nyama kavu ambacho mama anakiona kuwa upendo, daktari wa mifugo anaweza kukiona kuwa moto uliofungwa kwenye gazeti. Wote wawili wana sababu.

Kwa mazao ya mimea, sheria za Umoja wa Ulaya zilikazwa Desemba 2019. Karibu kila tunda au mboga mbichi katika mzigo wa abiria sasa huhitaji cheti cha afya ya mimea. Matunda matano yalisamehewa: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi, pamoja na ndizi za kupika. Nilitabasamu nilipoisoma orodha hiyo. Baharia wa Arabuni angeweza kupita na tende zake, Mswahili na nazi yake, na Mganda na matooke yake.

Marekani ina desturi ya kumtaka msafiri ataje kila chakula alichonacho. Tangu mwaka 1984 katika uwanja wa Los Angeles, mbwa wadogo aina ya bigo wametumiwa kunusa mizigo, na mbwa hao sasa wako katika viwanja vingi. Kosa kubwa huko ni kuficha. Aliyetaja chakula kisichoruhusiwa hunyang'anywa chakula tu. Aliyeficha hupigwa faini.

Hata hivyo watu hawajaacha kubeba. Novemba 2021, katika msimu wa senene, abiria wa ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikienda Dubai alionekana kwenye video akiwauzia wenzake senene kutoka kwenye mfuko wa plastiki, nao wakinyoosha mikono kama walio kituo cha basi Masaka. Baadaye watu wawili walikamatwa kwa kuvuruga utaratibu wa ndege, na shirika lenyewe likasema linafikiria kuziweka senene katika orodha ya vyakula vyake. Wengi walicheka, wengine waliona aibu. Mimi niliona kitu cha kale sana. Abiria wale walikuwa wamepewa chakula cha ndege. Hawakuwa na njaa. Walikuwa wakienda mahali ambapo hakuna senene, na kila mmoja alikuwa na mtu huko.

Hitimisho

Tumeona kwamba chakula cha msafiri kilianza kama ulinzi dhidi ya kifo njiani. Leo njia haiui kwa njaa tena, kwa aliye na tiketi. Lakini mzigo haujapungua, kwa sababu ile kazi nyingine, inayokaa ndani ya neno zawadi, haijachukuliwa na shirika lolote.

Mwanafunzi wetu alipofika Marekani alitaja kila kitu alichokuwa nacho. Afisa alichukua nyama kavu, akamwachia unga na odii. Jumamosi ya kwanza alimkaribisha chumbani kwake Mkongo wa Lubumbashi, Mkenya wa Kisii na Mtanzania wa Bukoba, waliokuwa wakisoma chuoni hapo. Akasonga ule unga wa mtama, akapakua odii. Kabla hawajala ulizuka ubishi. Yeye alisema wanakula posho ya mtama. Mkenya na Mtanzania wakasema huo ni ugali, na kwamba posho haipikwi. Mkongo akasema kwao ni bukari. Walibishana kwa Kiswahili, kila mtu kwa chake, hadi sufuria ikaisha. Aliniandikia kwamba somo lake la kwanza kwa wanafunzi wa Kimarekani lilikuwa ubishi huo, na kwamba hakuhitaji kamusi kulifundisha.

Desemba mwaka huohuo tulipata msafiri wa kwenda mji uleule, mwenye nafasi ya kilo mbili. Nilimpigia simu mama yake kumweleza kwamba nitatuma kamusi. Akanijibu kwamba yeye amekwisha mpelekea msafiri kopo. Tukapima tena kwa ile mizani ya muuza nyama, kamusi na odii vikaenda pamoja. Msafiri alifungua vyote viwili na kuvikagua mbele yetu kabla ya kuvipokea, na alifanya vyema. Siku hizi mtu asibebe mzigo wa kutumwa asioujua ndani yake.

Tunawaomba wasomaji wa jarida hili, walimu na wanafunzi, watuletee neno ambalo lugha zao za nyumbani hulitumia kwa chakula cha safari, pamoja na maelezo ya nani hukifunga na nani hukila. Tungependa kuyakusanya maneno hayo kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka.